Upepo wa Mwendo wa Kwanza

Mwaka 1956 gari la wagonjwa la misheni lilishushwa kutoka kwenye meli pale bandarini Bukoba. Lilikuwa zawadi ya Wakristo wa nchi moja ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya. Watu waliokuja kulitazama walicheka mambo mawili. Usukani wake ulikuwa upande wa kushoto. Na chini ya dashibodi kulikuwa na kisanduku cheusi cha bati ambacho kazi yake, mchungaji aliwaeleza, ilikuwa kumpulizia dereva hewa ya moto.

"Hewa ya moto?" mpagazi mmoja akauliza. "Si wangetuletea sabuni tu!"

Dereva aliyekabidhiwa gari lile, Bashiri, hakucheka. Wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi katika milima ya Uhabeshi, akajua baridi inavyoweza kumfanya mtu asahau jina lake. Isitoshe, hakuwa mtu wa kucheka sana tangu Shamsa alipoondoka.

Shamsa alikuwa mkewe. Walikaa miaka mingi bila kupata mtoto, wakavumiliana. Kisha Shamsa akapanda meli kwenda Mwanza kumwuguza dada yake. Mwanzoni zilikuja salamu kwa kila msafiri. Baadaye salamu zikawa za mara moja moja, na mwishowe akaja mjomba wake kuomba talaka kwa niaba yake, kwa adabu, huku akikataa hata chai. Bashiri akaitoa. Hapakuwa na ugomvi wowote, na hilo ndilo lililomuumiza: hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Baba yake alitoka Pangani na msafara wa Wajerumani, akafia Bukoba. Bashiri mwenyewe alizaliwa hapo hapo mjini, na Kihaya alikizungumza hata wazee wakageuka kutazama ni mtoto wa nani. Lakini walipogeuka na kumwona na kofia yake, walisema, "Ah, kumbe Mswahili." Kazini wenzake wote walikuwa Walutheri. Walianza siku kwa sala, naye akawasubiri ndani ya gari. Hakuna aliyemfukuza, na zaidi ya mara moja walimwambia asogee akae nao. Alishukuru, akabaki garini.

Jumapili moja, wenzake wakiwa kanisani, alikifungua kile kisanduku cheusi ili akijue. Ndani alikuta rejeta ndogo iliyopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini, na nyuma yake feni iliyozungushwa na mota isiyozidi ngumi. Swichi yake ilikuwa na mwendo wa aina tatu. Alichotaka kujua ni jinsi mota ile moja ilivyoweza kwenda polepole, kisha wastani, kisha kwa kasi, ilhali betri ni ile ile. Akafuata nyaya kwa kidole. Mwendo wa kasi ulikuwa na waya wake uliotoka kwenye swichi moja kwa moja hadi kwenye mota. Mwendo wa wastani ulipitia sehemu fupi ya koili ya waya mwembamba. Mwendo wa kwanza, ule wa polepole, ulipitia koili yote. Akaelewa. Umeme uliolazimishwa kupita katika waya ule mwembamba ulipoteza sehemu ya nguvu yake njiani, nguvu ikageuka joto, na kilichofika kwenye mota kilikuwa kidogo. Ndiyo maana waliotengeneza hita ile waliiweka koili mbele ya feni, ili upepo wenyewe uipoze.

Tangu hapo aliendesha na feni ikiwa katika mwendo wa kwanza karibu kila siku. Asubuhi za mvua, ukungu wa ziwa ulipopanda mpaka kwenye rweya, ile nyika ya majani juu ya vilima, kioo cha mbele kilitanda mvuke, na upepo ule uliufuta taratibu. Feni ilitoa sauti ya chini, kama mtu anayefanya kazi chumba cha pili. Barabara ya Muleba ni ndefu kwa mtu asiye na wa kuzungumza naye.

Mwezi wa Novemba senene, wale panzi wanaoliwa, wakashuka. Mwaka ule walikuwa wengi kuliko kawaida; akina mama waliwakusanya kwa vikapu, na watoto walikwenda shule mifuko ikitembea. Waliingia pia katika tundu la kuvutia hewa kwenye boneti la gari. Bashiri alisikia harufu ya kitu kinachoungua akiwa karibu na Kemondo. Alipofungua kisanduku alikuta senene wamejazana mbele ya koili. Upepo ulikuwa umezibwa, koili ikakosa cha kuipoza, ikapata moto mpaka ikakatika. Mwendo wa kwanza haukuwapo tena, wala wa wastani. Ulibaki wa kasi peke yake, kwa kuwa huo haukuhitaji koili.

Fundi wa misheni aliitazama, akasema ni kweli imekatika, na kwamba koili mpya italetwa na meli kutoka Ulaya. Bashiri akaendelea na kazi. Mwendo wa kasi ulivuma hata injini isisikike, akawa hauwashi. Kioo alikifuta kwa kitambaa.

Siku moja mwishoni mwa mwezi huo alipeleka dawa kwenye zahanati ya Muleba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Penina, mkunga wa zahanati, alitoka mbio kabla injini haijazimwa.

"Bwana Bashiri, Mungu amekuleta. Nina mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake. Anapumua, lakini hawezi kujipasha joto. Lazima afike kwa daktari Bukoba kabla ya giza."

"Mama yake?"

"Amepoteza damu, lakini atafika. Anaitwa Kokuhirwa."

"Na wewe unakuja nasi?"

Penina alitazama nyuma. Ndani ya zahanati mwanamke mwingine alikuwa akilia kwa uchungu. "Nikimwacha huyu, nitarudi nikute maiti mbili. Utakwenda nao peke yako."

Chini ya upenu alisimama bibi mmoja aliyejifunga shuka mpaka mabegani. Alikuwa mama mkwe wa Kokuhirwa. Penina akamwomba aongozane na mkwewe. Bibi akatikisa kichwa.

"Watoto wa namna hiyo nimewazika wawili," alisema kwa Kihaya, bila ukali. "Siwezi kumsindikiza wa tatu."

Kokuhirwa aliletwa akishikiliwa kwapani. Alikuwa msichana tu, na midomo yake ilikuwa imepauka. Hakutaka kulala nyuma. Alitaka kukaa, akawekwa kiti cha mbele. Mtoto alikuwa kifuani pake, ngozi kwa ngozi, amezungushiwa pamba na kipande laini cha lubugo, kitambaa cha magome ya mti, na chupa mbili za maji ya moto pembeni.

"Chupa zitapoa njiani," Penina alisema dirishani. "Nawe mama unatetemeka, huna joto la kumtosha. Bwana Bashiri, lile dude lenu la kupuliza moto, linafanya kazi?"

"Linafanya," Bashiri alijibu. Kisha akaongeza, "Kiasi."

Waliondoka. Migomba ilipita pande zote mbili ikiwa imeinamishwa na mvua, na tope jekundu liliyavuta magurudumu huku na huku. Chupa zilipoa mapema kuliko alivyodhani. Kioo kilitanda. Kokuhirwa akaingiza mkono ndani ya lubugo, akautoa, akauingiza tena.

"Waitu," alisema, akimwita kwa heshima ya Kihaya, "miguu yake imekuwa baridi."

Bashiri akawasha feni. Upepo ukatoka kwa kishindo, ukapeperusha pamba, ukampiga mtoto usoni. Mtoto akafumbua kinywa, akakosa pumzi. Kokuhirwa akapiga ukelele na kumfunika kwa mikono yote miwili. Wakajaribu kumkinga kwa kanga, lakini upepo ulipenya chini na juu. Tena haukuwa na joto la maana: ulipita kwenye rejeta kwa haraka mno, ukatoka vuguvugu na kuikausha ngozi yenye unyevu mpaka ikazidi kupoa. Bashiri akazima. Baada ya muda akawasha kidogo, akazima, akawasha. Mkono uliotakiwa kwenye usukani ulikuwa kwenye swichi, na gari likateleza mpaka ukingoni mwa mtaro. Akasimama.

Walikuwa karibu na Muhutwe. Hapakuwa na nyumba iliyoonekana. Aligeuza swichi kwenye mwendo wa kwanza, ingawa alijua. Kimya. Akageuza kwenye wa pili. Kimya.

"Imekufa?" Kokuhirwa aliuliza.

"Feni ni nzima. Kilichokufa ni kile kinachoipunguza." Alikaa na mikono juu ya usukani. "Umeme unaifikia wote kwa pamoja. Unahitaji kitu cha kupitia kwanza, kitu kitakachokula sehemu yake."

Kokuhirwa hakuelewa, wala hakujifanya ameelewa. "Basi upe kitu cha kula," alisema.

Bashiri akamtazama. Kisha akatazama mbele, kupitia kioo kilichotanda, mahali ambapo taa kubwa za gari zilikuwa zikimulika mvua. Taa ni waya mwembamba ndani ya chupa ya kioo. Unakula umeme, unawaka. Umeme ukipitia kwanza kwenye taa ndipo uende kwenye mota, watagawana.

Akashuka mvuani bila koti. Alifungua taa ya kushoto kwa bisibisi, akatoa balbu, akarudi ndani akiwa amelowa chapachapa. Alikata waya uliokwenda kwenye mwendo wa kasi. Ncha moja akaizungushia shingo ya balbu, nyingine akaigusisha kitakoni mwake na kuibana kwa kipande cha mpira. Mara ya kwanza haikuwaka, kwa sababu maji yalikuwa yameingia kwenye maungio. Akayakausha kwa ncha ya kanga ambayo Kokuhirwa alimnyooshea bila kuambiwa. Mara ya pili balbu ikawaka, si kwa ukali wa taa ya gari, bali rangi ya kiini cha yai. Na chini ya dashibodi feni ikaanza kuzunguka taratibu.

Balbu ingeweza kuunguza kiti. Akaitia katika kikombe chake cha bati, akakisimamisha kati ya viti viwili. Upepo ulitoka laini na wa moto, kwa kuwa sasa ulipata nafasi ya kukaa na rejeta kabla ya kutoka. Kokuhirwa akafungua kanga kidogo kidogo, akaacha upepo ule uingie. Walisubiri. Injini ilinguruma na mvua ikapiga bati.

"Ananyonya kidole changu," Kokuhirwa alisema mwishowe.

Bashiri akaliondoa gari. Alikwenda polepole, na taa moja mbele. Ndani ya gari mlikuwa na mwanga, hivyo Kokuhirwa aliweza kumwona mtoto wake, na kila alipoona jambo alilisema. Amekunja uso. Amefumbua jicho moja. Ana nywele mpaka masikioni, kama babu yake wa Izimbya.

"Izimbya ni kwenu?" Bashiri aliuliza.

"Ndiyo. Niliolewa Muleba mwaka jana. Mume wangu Ildefons yuko Kampala, anafanya kazi ya kushona. Wa kwetu wako mbali na wa kwake hawanijui. Siku nyingine napika ndizi za watu wawili, halafu nakumbuka niko mwenyewe."

Bashiri alitazama barabara. Yeye pia, baada ya Shamsa, kwa muda mrefu alikuwa akitenga vikombe viwili. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, na hata sasa alichoweza kusema ni, "Inatokea."

"Wewe una watoto wangapi, waitu?"

"Sina."

Kokuhirwa hakusema pole, wala hakusema Mungu atajalia. Alimsogeza mtoto kidogo upande wa mwanga na kusema, "Mtazame basi." Bashiri akatupa jicho mara moja, akaona uso usiozidi kiganja, kisha akarudisha macho kwenye tope.

Walifika hospitali mwanga wa jioni haujaisha. Daktari mwenyewe alimpokea mtoto. Kokuhirwa akalazwa. Bashiri akabaki uani, akakausha viti kwa kitambaa, na kikombe chake hakikufaa tena kwa chai, kimeungua mpaka kikawa cheusi.

Mtoto aliishi. Alikaa hospitali wiki nyingi, na kila Bashiri aliporudi safari alipita wodini kuuliza hali. Akiulizwa amefuata nini, alisema amekuja kuona kama kuna wa kusafirisha. Mara nyingine alileta maziwa, mara nyingine machungwa. Kokuhirwa alimpokea dirishani, akamweleza mtoto amekunywa kiasi gani na amelia vipi. Siku moja muuguzi mgeni alitokeza mlangoni, akaita, "Baba wa mtoto wa Muleba, njoo." Bashiri alisimama. Alikuwa amekwisha kupiga hatua ndipo akasema, "Mimi ni dereva." Muuguzi akaomba radhi na kuondoka. Bashiri akabaki amesimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi, asijue aende mbele au arudi.

Ildefons alifika kutoka Kampala kabla ya Krismasi. Alikuwa kijana mpole aliyevaa koti aliloshona mwenyewe. Alimshika Bashiri mkono kwa mikono miwili. "Kasinge, waitu," alimshukuru, na machozi yakamtoka. Hapakuwa na la kumchukia kijana yule. Mtoto akabatizwa hapo mjini, akaitwa Buberwa.

Bashiri ndiye aliyewarudisha Muleba. Safari hii Kokuhirwa alikaa nyuma na mumewe, na Bashiri alisikia maneno yao bila kuyaelewa vizuri, kwa sababu walinong'ona. Pale nyumbani mama mkwe alitoka mpaka barabarani, akamchukua mjukuu, akamfunua uso na kumtazama kwa muda mrefu. Alilia. Kisha akaja mpaka kwenye mlango wa dereva.

"Shuka ule, mwanangu. Tumechinja."

Bashiri alishuka, lakini nyama iliyochinjwa pale, bila mkono wa Mwislamu, hakuweza kuila. Waliona haya, wakamletea ndizi na maharage peke yake, wakamwekea stuli kivulini. Ndani watu waliimba. Kokuhirwa alitoka mara moja kumwuliza kama ametosheka.

"Nimetosheka," alisema. Akaosha mikono, akaaga waliokuwa mlangoni, akaondoka.

Koili mpya ilikuja na meli mwezi wa Machi. Aliifunga mwenyewe, akairudisha balbu mahali pake, na feni ikawa na mwendo wa aina tatu kama zamani. Aliendelea kwenda Muleba na dawa. Mara kadhaa alimwona Kokuhirwa sokoni, mtoto mgongoni, wakasalimiana kwa mbali jinsi inavyofaa kwa mke wa mtu.

Halafu siku moja akawakuta barabarani na masanduku, wakisubiri basi. Ildefons alikuwa amepata chumba Kampala na alikuwa akiwahamisha. Alikuwa upande wa pili wa barabara akifunga mizigo. Kokuhirwa akalisogelea gari.

"Hujawahi kumbeba," alisema. Akamfungua Buberwa mgongoni na kumpitisha dirishani.

Alikuwa mzito. Alimtazama Bashiri, akatazama kofia, midomo ikaanza kutetemeka, akalia kwa sauti kubwa yenye nguvu, huku akimsukuma kwa miguu yote miwili. Alimlilia kama mtu asiyemfahamu. Na kweli hakumfahamu. Kokuhirwa akacheka, akamrudisha kifuani.

"Msamehe. Hana adabu."

"Ana mapafu," Bashiri alisema.

Basi likaja. Alisubiri mpaka lilipoondoka, kisha akashika njia iliyobaki. Jua lilikuwa kali na kioo kilikuwa safi, hapakuwa na sababu ya kuwasha chochote.

Alirudisha gari hospitali mchana. Karibu na msikiti kulikuwa na mjane aliyeitwa Sada, aliyekuwa akipika chapati na maharage barazani kwake. Bashiri alinunua chakula hapo siku zote na kukipeleka chumbani. Siku ile Sada alianza kumfungia kwenye jani la mgomba kama kawaida.

"Usifunge, Bi Sada," alisema. "Nitakula hapa."

Sada akamtazama. "Hapa hapa? Benchi lenyewe limevunjika mguu."

"Nitaegemea ukuta."

Akamwekea sahani. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno na siku ile wateja walikuwa wachache, akaanza kumweleza habari za paa lake linalovuja, na fundi aliyeahidi kuja tangu Ramadhani, na paka wa jirani. Bashiri alikula taratibu. Alipomaliza hakuinuka. Akauliza paa linavuja upande gani.

"Njoo uone," Sada alisema, akafuta mikono.